Maji Yaliyopanda Bila Pampu

Mimi nina ugonjwa wa kuchukua sauti za watu. Mtu akishaongea mbele yangu, sauti yake naondoka nayo, nitake nisitake. Kule mwaloni ninakouza dagaa wananijua. Mteja akitoka tu, namrudisha kwa mdomo, na wenzangu wanaangukiana kwenye magunia. Shule sikwenda, kwa hiyo sina pa kuyaandika mambo. Nayaweka kooni.

Sasa mwaka huu koo lilitaka kunifungia duka.

Ilianza na tumbo. Nilikuwa nimeinama nageuza dagaa kwenye chanja, nikasikia kitu kinanipiga hapa, kwenye chembe cha moyo, kinatokea mgongoni kama mtu amenipitishia nondo. Nikakaa chini. Nikatapika, nikatapika tena, mpaka ikabaki nyongo tupu. Mwenzangu wa meza ya pili akaja mbio, "Mama, umekula nini?" Nikamwambia, "Nimekula maneno yako ya asubuhi." Unaona? Tumbo linakatika lakini utani upo, maana pumzi ilikuwepo.

Hospitali nikamkuta daktari kijana, Muhaya. Nawapenda Wahaya, hata wakikohoa wanakohoa kama watu waliosoma. Akanyoosha shingo, akaniuliza polepole, "Bibi. Unatumia kilevi?"

"Mwanangu, kilevi nilikunywa siku ya harusi yangu, nikaona nilichoolewa nacho, nikaacha."

Nesi akacheka. Daktari hakucheka, akaandika. Wakanipaka ute wa baridi tumboni, wakaniangalia ndani kwenye kioo kama wanaangalia mpira. Kumbe nina vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, na kimoja kilikuwa kimetoka matembezini kikakwama njiani. Kikaziba mfereji, na kongosho likavimba.

Jamani mtu wa Mwanza! Umezaliwa juu ya mawe, umejenga juu ya mawe, ukifua unaanika juu ya mawe, bado unaona hayatoshi unayatia na tumboni!

Na hilo kongosho lenyewe ndiyo kwanza nalisikia. Miaka yote nimepasua kuku na mbuzi. Nayajua maini, nazijua figo, naijua bandama na firigisi. Kongosho hakuna aliyewahi kuniwekea kwenye sahani. Kumbe lipo, limejilaza nyuma ya tumbo, kazi yake kutoa maji ya kuyeyushia chakula. Ukilichokoza, daktari alisema, yale maji yanageuka yanaanza kuliyeyusha lenyewe. Nikamwambia hiyo tabia naijua, nina shemeji wa hivyo.

Wakaninyima chakula. Dripu mkono huu, dripu mkono ule, na mlinzi wangu ni nesi mmoja mwenye sauti ya honi ya meli: "Naniii kampa uji mgonjwa? Naniii? Bibi, fungua mdomo nione!" Vijiwe vyenyewe walikuja kuvitoa baadaye kabisa, hilo ni jambo la siku nyingine. Wakati ule maumivu yalishuka, nikaanza uji, kisha ndizi za kuchemsha zisizo na mafuta, wakaniruhusu. Mlangoni yule daktari akanyoosha shingo tena: "Bibi, sikiliza kwa makini. Ukisikia homa, au ukisikia pumzi inakatika, usisubiri. Urudi siku hiyohiyo."

Maneno hayo niliyaiga vizuri sana. Kila aliyekuja kunipa pole alipewa shingo ya daktari na "sikiliza kwa makini". Wa kuyasikiliza ndiyo hakuwepo.

Ninakaa kilimani, nyumba yangu imekaa juu ya jabali kama kofia. Kutoka barabarani ni kupanda kwa miguu tu, unakanyaga jiwe hili, unashika lile. Kitinda mimba wangu, anayefanya kazi kiwandani Nyakato, alikuja kukaa na mimi nipate nguvu. Huyo ana kicheko cha kuvunja vyombo. Yeye ndiye aliyeanza kuniharibia, maana mtu akikuchekea namna ile huwezi kunyamaza.

Baada ya siku kadhaa nikaanza kuona mabadiliko. Nikilala chali, kifua kinakataa. Naweka mto, naongeza mto, mwisho nalala nimekaa kama abiria. Upande wa kushoto nikivuta hewa panachoma. Nikienda chooni na kurudi, nasimama katikati ya uwanja najifanya natazama ziwa. Mwanangu anauliza, "Mama unaangalia nini?" Namwambia, "Naangalia kama Ukerewe bado ipo." Anacheka, anaendelea kuosha sufuria.

Jumapili baada ya ibada nyumba ikajaa watu. Wamama wa jumuiya, majirani, na mzee mmoja wa jirani mwenye pumu. Huyo mzee ndiye mtaji wangu mkubwa. Akipanda huku kwetu anasimama kila jiwe, na kila jiwe anatoa neno moja: "Bwa... na... asi... fiwe... jamani... huu... mlima... wa nani?" Nimemuiga miaka na miaka, mbele yake na nyuma yake, na mwenyewe ananiomba, "Mama, hebu nitoe." Anapenda kujisikia.

Basi siku hiyo nikawapa nesi. Wakacheka. Nikawapa daktari na shingo yake, wakagongeana viganja. Nilikuwa naongea kwa vipande vifupi, hawakugundua, maana daktari mwenyewe anaongea kwa vipande. Nikainuka nifuate chupa ya chai. Ile kuinuka tu, chumba kikazunguka. Nikashika ukuta, nikarudi kwenye kiti. Kifua kama mtu amekikalia. Nataka kusema siwezi kupumua. Kilichotoka ni hiki:

"Si... wezi... ku... pu..."

Nyumba ikalipuka!

"Ni mzee huyo! Ni mzee!"

Mwanangu akapiga kofi paja, "Mama leo umemmaliza, hata macho umetoa kama yake!"

Na mzee mwenyewe, pumu na furaha vimemjaa, anapiga fimbo chini: "Ndi... ye... mimi... huyo! Ni... toe... tena!"

Nikapunga mkono, yaani hapana, nisaidieni. Wakaona mkono ndiyo nakshi ya leo. Nikashika kifua, wakashangilia. Mama mmoja analia machozi, ananiomba, "Basi, basi, utaniua!" Mimi ndiye niliyekuwa nakufa. Tumekaa wawili pale, mzee na mimi, tunahema mmoja baada ya mwingine kama watu wanaopokezana wimbo, na watu hawajui nani halisi nani mwigo. Sijawahi kuigiza vizuri kama siku ile, na nilikuwa siigizi.

Hapo ndipo akaingia binamu yangu.

Lazima nimweleze huyu. Ni mtoto wa mjomba, anakaa kule Bujora. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani. Anakutukana unamtukana, na anayenuna ndiye mwenye aibu. Mume wangu alipofariki, huyu alikuja amevaa kofia ya marehemu, akajilaza mlangoni anadai ugali wake, na mimi mjane nikacheka ndani ya kilio changu. Salamu yake kwangu ni moja tu: "We bibi, bado hujafa? Nimeshanunua suti ya msiba wako, panya wanaila." Yeye ni mdogo kwangu, lakini shikamoo yake sijawahi kuipata tangu ameota meno. Mtani hampi mtani shikamoo. Ni kama kumwambia urafiki umekwisha.

Basi akafika mlangoni, anatokwa jasho, mdomo ameshauandaa. Namuona kabisa tusi limefika kwenye meno. Akanitazama. Watu wanacheka, yeye ananitazama. Akatazama shingo yangu inavyovuta, akatazama midomo. Akavua kofia.

"Shikamoo, dada yangu."

Kicheko kilikatika kama umeme.

Kila mtu mle ndani anajua yule ni nani kwangu. Mwanangu sahani ilimtoka mkononi. Yule mama aliyekuwa anakufa kwa kucheka alifanya ishara ya msalaba. Hata mzee wa pumu alinyamaza kuhema, sijui aliwezaje. Na mimi mwenyewe, nakwambia ukweli, kukosa pumzi hakukunitisha kama ile shikamoo. Nikasema moyoni, haya, nimekwisha. Mtani ameniamkia.

"Huyu haigi," binamu akasema. "Huyu anakufa. Leteni kiti!"

Kilimani gari halifiki. Wakaniweka kwenye kiti cha plastiki, vijana wa mtaa wakabeba miguu minne, binamu anatangulia kuonyesha mawe, "Pole pole, kushoto, hapo pana utelezi." Mwanangu nyuma anabeba kanga na chupa ya chai, ile chai tu, sijui alitaka kumpa nani. Nikashuka mlima nimekaa kama mtemi. Watoto wakatoka nje kushangilia, wakadhani ni sherehe. Nikawapungia. Mtu akinipungia siwezi kuacha kumpungia, hata niwe nakufa.

Hospitali yule yule daktari. Hakuniuliza kama nilisikiliza kwa makini, aliona. Akaninyanyua nguo mgongoni, akaweka kidole akakigonga kwa kidole kingine, kama mtu anayebisha hodi kwa watu wasiopenda wageni. Kulia mgongo unaitika: ngo, ngo, debe tupu. Kushoto: du, du. Debe limejaa. Akapanda na kidole mpaka akapata mahali sauti inapobadilika, akasema, "Yamefika hapa."

"Nini... yame... fika?"

"Maji, bibi."

Picha ya kifua ikaletwa. Upande wa kulia mweusi, mzuri, umejaa hewa. Upande wa kushoto chini kumetanda weupe kama mtu amemwaga maziwa. Akanieleza: pafu lenyewe halina maji ndani, maji yako nje yake, kati ya pafu na mbavu. Yametoka kwenye ule ugonjwa wa kongosho. Likivimba, majimaji yake yanaweza kupenya juu mpaka kifuani. Kwa wengi yanakuwa kidogo, yanakauka yenyewe. Yangu yamekuwa mengi, pafu limebanwa kama mtoto wa katikati kwenye kitanda cha watoto watano. Yatatolewa kwa sindano, na mengine yatapelekwa maabara kuhakikisha sio kifua kikuu wala kitu kingine.

Kisha akamvuta binamu pembeni wakanong'ona. Nikawaona. Binamu anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, uso mrefu. Nikajua anaambiwa atafute mbao za jeneza.

Wakaniwekea dripu, wakanikalisha kitandani, mbele yangu meza na mto, nikaulalia kwa mikono. Mwanangu aliona sindano, akasema anaenda kununua maji ya kunywa, na hatukumuona tena mpaka mwisho. Akabaki binamu, amekaa mbele yangu, amenishika mikono yote miwili.

"Kaza moyo, dada," anasema.

Nikasubiri tusi lifuate.

"Mungu yupo, dada."

Dada tena! Nikamwambia kwa vipande, "Nitu... kane."

"Siwezi, dada."

"Tusi... moja... tu."

Daktari nyuma yangu akashtuka. "Mzee, usimtukane mgonjwa tafadhali."

"Simtukani, daktali," binamu akasema, mpole kama shemasi. R yake huwa inapotea akiogopa. "Namheshimu."

Ananiheshimu! Basi nikajua kaburi limeshachimbwa. Wananipaka dawa ya baridi mgongoni, wananichoma ganzi, na mimi kichwani nagawa vitu. Sufuria kubwa apewe mwanangu. Chanja za dagaa wachukue wenzangu wa mwaloni. Kitenge cha zambarau nizikwe nacho, maana nikimwachia wifi yangu atakivaa kila siku watu wamsifie. Daktari anasema, "Sasa bibi, usikohoe, usiongee, usitikisike." Nikasikia kitu kinasukuma kati ya mbavu, hakiumi, kinasukuma tu. Kisha kimya. Kisha mlio mdogo wa kudondoka.

Nikamtazama binamu usoni. Na uso wake, jamani, ulikuwa umefanya kitu ambacho sijawahi kuona. Mashavu yamevimba. Midomo ameibana mpaka imegeuka mstari. Macho yamejaa machozi. Nikasema, masikini, analia. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi. Nikambana mikono kumliwaza, akageuka akatazama ukutani, mabega yanatikisika.

Ila kifua, kidogo kidogo, kikaanza kufunguka. Kama mtu aliyekuwa amenikalia ameamua kusogeza tako moja. Kisha na la pili. Hewa ikashuka mahali ambapo haikuwa imefika tangu wiki iliyopita. Pafu lilipojinyoosha likaniletea kikohozi, daktari akasema, "Basi, tunatoa," akatoa, akabandika plasta. Nikakohoa mpaka kanga ikafunguka. Kikohozi kile kilikuwa kitamu. Sikujua kikohozi kinaweza kuwa kitamu.

Chupa ilikuwa sakafuni, kubwa, imejaa maji ya rangi ya chai iliyokosa majani. Nikaiangalia. Nikamgeukia binamu.

"Niambie ukweli. Nakufa?"

Nilisema sentensi nzima. Sikuigundua hata mimi mwenyewe, ila yeye aliigundua. Akamwangalia daktari.

"Daktari, sindano imetoka yote?"

"Imetoka, mzee."

"Plasta imeshika?"

"Imeshika."

"Kwa hiyo ile amri uliyonipa, kwamba huyu asichekeshwe, akicheka na sindano ndani atajitoboa pafu, imekwisha?"

Daktari akafikiri kisomi. "Imekwisha. Lakini taratibu."

Kumbe! Kumbe ndiyo walichokuwa wananong'ona. Kumbe machozi yale hayakuwa machozi ya msiba, ni matusi yalikuwa yamemjaa mdomoni, hana pa kuyatapika!

Akasimama. Akavaa kofia yake vizuri. Akanyoosha kidole kwenye chupa.

"Kikongwe wewe! Mwizi wa maji! Kilima kizima wamama wanapanda na ndoo kichwani, bomba halitoi hata tone, mamlaka wanasema pampu haina nguvu, kumbe wewe umeyavuta yote umeyaficha kifuani, bila pampu! Na ulivyo mchoyo, mpaka uchomwe sindano ndiyo utoe!"

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka. Plasta inauma, ubavu unauma, nacheka. Wodi nzima wakageuka, wa dripu na wa bandeji, na hata daktari shingo ilimshuka, akacheka kama mtoto wa kijijini kwao kwenye migomba. Kila nikicheka hewa inaenda mpaka chini kabisa, inagusa sakafu, inarudi. Nikaivuta tena makusudi nione kama ni kweli. Ni kweli. Nikaijaza yote, nikamtazama binamu yangu, nikamwachia:

"Na wewe mwenye shingo ya batamzinga, suruali umeifunga kwa kamba ya katani, umekuja umenishika mikono kama mchumba aliyekosa mahari, umeniita dada mara nyingi kuliko mama yako alivyokuita mwanangu, ukanitolea machozi ya mamba nikaanza kugawa sufuria zangu nikiwa mzima, nani kakwambia mimi nitatangulia kabla sijakufukia wewe kwa mkono wangu huu huu wenye dripu?"

Yote hayo kwa pumzi moja. Daktari alikuwa ameiinua ile chupa kutoka sakafuni, akasahau kuiweka chini.